Jinsi ya Kuvipa Vitabu vya Wasomaji Wanaoanza Nafasi Yao katika Tuzo

Mtoto aliyekwisha kuzijua herufi, lakini bado anafuata maneno kwa kidole na kuyatamka moja baada ya jingine, anahitaji kitabu cha aina yake. Kitabu cha picha ambacho mtu mzima humsomea hakimfai, kwa kuwa maneno yake yametungwa kwa ajili ya sikio na mara nyingi humshinda macho. Riwaya ya watoto nayo humchosha kabla hajamaliza ukurasa wa pili. Anachokihitaji ni kitabu alichoandikiwa yeye, chenye maneno machache yaliyochaguliwa kwa uangalifu, sentensi fupi, michoro inayomshika mkono, na hadithi inayomfanya atake kufungua ukurasa unaofuata hata kama ukurasa huu umemtoa jasho. Kuandika kitabu cha namna hiyo ni kazi ngumu sana, na kwa sababu matokeo yake huonekana mepesi, waamuzi wengi wa tuzo hukipita bila kukitazama mara ya pili.

Mwongozo huu unawahusu wakutubi, walimu, wahariri, wazazi na wapenzi wa vitabu vya watoto wanaokaa katika majopo ya tuzo, wanaopeleka mapendekezo kwa majopo hayo, au wanaofikiria kuanzisha tuzo yao wenyewe. Msimamo wangu ni kwamba vitabu hivi hukosa tuzo kwa kuwa hupimwa kwa vigezo vilivyotengenezwa kwa ajili ya vitabu vingine, tena na watu wazima wanaovisoma kwa dakika tatu kimyakimya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kubadilisha namna ya kusoma na namna ya kutoa hoja. Kupiga kura huja mwishoni kabisa.

Jua kwanza vinaangukia wapi

Historia ya tuzo za Marekani inalionyesha jambo hili waziwazi. Nishani ya Newbery ilianza kutolewa mwaka 1922 kwa ajili ya ubora wa uandishi katika fasihi ya watoto, na Nishani ya Caldecott ikafuata mwaka 1938 kwa ajili ya michoro. Kitabu cha msomaji anayeanza kilibaki katikati. Kikiwekwa kwenye mizani ya maandishi, huonekana kina maneno machache mno. Kikiwekwa kwenye mizani ya michoro, huonekana kina picha zinazoyatumikia maneno badala ya kusimama zenyewe. Mwaka 1957 Theodor Seuss Geisel, anayejulikana zaidi kwa jina la Dr. Seuss, alichapisha The Cat in the Hat kwa kutumia maneno tofauti 236 tu, na mwaka huohuo Else Holmelund Minarik akatoa Little Bear kilichochorwa na Maurice Sendak. Mwaka 1960 Seuss alipunguza zaidi, akaandika Green Eggs and Ham kwa maneno tofauti 50. Arnold Lobel, mwandishi na mchoraji, alipata bahati ambayo wenzake wengi hawakuipata: kitabu chake cha kwanza kuhusu vyura wawili marafiki, Frog na Toad, kilitajwa miongoni mwa vitabu vya heshima vya Caldecott, yaani vile vinavyomfuata mshindi, mwaka 1971, na cha pili miongoni mwa vile vya Newbery mwaka 1973. Pamoja na mafanikio hayo yote, Tuzo ya Theodor Seuss Geisel, ambayo ndiyo iliyoundwa mahususi kwa ajili ya vitabu vya wasomaji wanaoanza, ilianzishwa mwaka 2004 na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Kutoka 1957 hadi 2006 ni miaka 49. Katika miaka hiyo yote watoto walijifunza kusoma kwa vitabu ambavyo havikuwa na nishani yao.

Zipo pia sababu za kila siku, na hizi utazikuta popote tuzo za vitabu zinapotolewa. Vitabu vingi vya aina hii hutoka kama sehemu ya mfululizo, na mwamuzi akiona namba 7 juu ya jalada hudhani kwamba kazi ya ubunifu ilikwisha kwenye namba 1. Ni vyembamba, mara nyingi vina jalada laini, na hupotea rafuni kati ya vitabu vinene. Wahakiki huvigusa kwa nadra. Wachapishaji nao, wanapochagua vitabu vichache vya kugharimia ada na nakala za kupeleka kwenye mashindano, huchagua vile wanavyoamini kwamba vitawavutia watu wazima. Ukijua kitabu kimezuiliwa na kipi kati ya vikwazo hivi, utajua hoja gani uitangulize.

Soma kanuni kabla ya kusoma vitabu

Kila tuzo ina masharti yake kuhusu lugha, mahali pa uchapishaji, mwaka wa kutoka, uraia au makazi ya mwandishi, na mara nyingine idadi ya kurasa. Tuzo ya Geisel, kwa mfano, inataka kitabu kisipungue kurasa 24 wala kisizidi kurasa 96, kiwe na michoro inayofanya kazi ya kumpa msomaji dalili za maana ya maneno, maneno mapya yaongezwe polepole kiasi cha kumfanya mtoto afurahie kuyajifunza, maneno yarudiwe ili yakae kichwani, sentensi ziwe rahisi na zilizonyooka, na hadithi isonge mbele ukurasa hadi ukurasa. Tuzo hiyo hutolewa kwa mwandishi na mchoraji kwa pamoja, na naona hilo ni jambo la haki kabisa, kwa sababu katika kitabu cha aina hii kazi ya mmoja haiwezi kutenganishwa na ya mwenzake bila kuiharibu.

Hata kama tuzo unayoilenga ni ya fasihi ya watoto kwa ujumla, yasome masharti yake kwa kalamu mkononi na uandike mahali ambapo lugha yake inakiruhusu kitabu cha msomaji anayeanza. Kanuni nyingi husema kwamba ubora upimwe kwa kuzingatia umri wa msomaji aliyekusudiwa. Sentensi hiyo moja ni ufunguo wako. Inukuu katika kila pendekezo utakaloliandika, kwa sababu inamlazimu mwamuzi auache ukubwa wa kitabu na kutazama jinsi kinavyomfaa mtoto wake.

Tafuta pale ambapo wengine hawatafuti

Orodha za vitabu bora vya mwaka hazitoshi, maana vitabu vilivyosahauliwa ndivyo visivyokuwemo humo. Anza na wachapishaji wadogo na wale wanaochapisha kwa lugha ambazo hazina soko kubwa. Pitia mifululizo, na usiishie kwenye kitabu cha kwanza. Mara nyingi mwandishi huwa amekomaa katika kitabu cha nne au cha tano, pale anapokuwa amewazoea wahusika wake na kujua ni neno gani anaweza kuliacha lisemwe na mchoro. Tazama vitabu vya maarifa, vile vinavyoeleza wadudu, mvua, mashine au mwili wa binadamu, kwa sababu wapo watoto wengi ambao hadithi haiwavuti lakini watapambana na neno gumu ili wajue buibui hutengenezaje utando. Tazama pia vitabu vya katuni vyenye maneno machache, pamoja na mashairi mafupi yenye vina, kwa kuwa kina humsaidia mtoto kubashiri neno linalokuja na kulithibitisha kwa macho.

Waulize wakutubi wa sehemu ya watoto swali moja: ni kitabu gani kimechakaa? Kitabu kilichoazimwa hadi kurasa zikalegea kina ushahidi ambao hakuna mhakiki aliyeuandika. Bila shaka uchakavu peke yake hauthibitishi ubora, kwa sababu watoto hupenda pia vitabu vilivyoandikwa ovyo, lakini unakuonyesha pa kuanzia. Waulize walimu wa madarasa ya mwanzo swali jingine: ni kitabu gani ambacho mtoto alikimaliza, akarudi mwanzo mara moja?

Tunza daftari au jedwali rahisi kuanzia mwanzo wa mwaka. Andika jina la kitabu, mwandishi, mchoraji, mchapishaji, tarehe ya kutoka, idadi ya kurasa, na sentensi moja kuhusu kilichokufanya usimame. Usisubiri mwezi wa mwisho, kwa kuwa ifikapo wakati huo vitabu vyembamba vitakuwa vimekwisha kufunikwa na vile vinene vinavyozungumzwa na kila mtu.

Soma kama anavyosoma anayeanza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu majopo mengi huharibikia hapa. Mtu mzima akikisoma kitabu cha maneno 150, macho yake huteleza juu ya maneno bila kuyagusa, naye hupata muhtasari wa kisa tu. Kisa peke yake kikiwa chepesi, atasema kitabu ni chepesi. Lakini mtoto hapati muhtasari. Anapata neno, kisha neno, kisha kituo, kisha picha, na furaha yake yote imo katika mpangilio huo.

Soma kitabu mara tatu. Mara ya kwanza kisome kwa sauti na polepole, neno kwa neno, huku umefunika kwa karatasi sehemu ya ukurasa ambayo bado hujaifikia. Mara ya pili tazama michoro tu, bila kusoma neno, uone ni kiasi gani cha hadithi kinaeleweka na ni kiasi gani kinabaki siri. Mara ya tatu hesabu: maneno yote, maneno tofauti, maneno mapya katika kila ukurasa, na umbali kati ya mara ya kwanza na ya pili ya kila neno gumu. Hesabu hiyo inachosha, lakini ni silaha kubwa kuliko zote utakazoingia nazo kikaoni.

Nitatoa mfano mdogo nilioutunga ili tuone jambo lenyewe kwa karibu. Tuseme kurasa za 6 na 7, ambazo hutazamana kitabu kikiwa wazi, zina maneno haya: "Mbuzi ana kofia. Kofia ni ya nani?" Mtoto akifungua anakuta kurasa za 8 na 9: "Si ya mbuzi. Ni ya ndege!" Katika mchoro wa ukurasa wa 9 kofia imepinduliwa, ndani yake mna nyasi na mayai matatu, na ndege amekaa ukingoni akimkazia mbuzi macho. Maneno yote ni 13, na maneno tofauti ni 8. Neno "ya" limetokea mara tatu, kila mara likiwa na jirani mwingine, na "mbuzi", "kofia" na "ni" yametokea mara mbilimbili. Mtoto akifungua ukurasa anakutana na maneno mapya mawili tu, yaani "si" na "ndege", na yote mengine ameshayatamka muda mfupi uliopita. Swali limewekwa mwisho wa ukurasa wa kulia, kwa hiyo jibu haliwezi kupatikana bila mkono kusogea. Tena mayai hayakutajwa popote katika maandishi. Mtoto anayagundua mwenyewe, na kwa kuyagundua anaelewa kwa nini kofia ni ya ndege, jambo ambalo mwandishi angehitaji sentensi nzima yenye maneno magumu kulieleza.

Sasa fikiria mchoraji angemweka ndege na kiota chake tayari kwenye ukurasa wa 7. Maneno yangebaki yaleyale, hesabu ingebaki ileile, lakini kitabu kingekuwa kimeharibika, kwa sababu mtoto angelijua jibu kwa kutazama picha na asingekuwa na haja ya kusoma. Mchoro mzuri katika kitabu cha msomaji anayeanza humpa mtoto msaada wa kutosha kulitambua neno, lakini haumwibii neno lenyewe. Mwamuzi anayelitambua jambo hili hawezi tena kusema kwamba michoro ya vitabu hivi haina usanii.

Tazama pia mahali mstari unapokatika. Mstari ukisema "Ndege analala juu" na unaofuata ukasema "ya mti", mtoto anayevuta pumzi mwisho wa kila mstari atapoteza maana. Ukikatwa "Ndege analala" kisha "juu ya mti", pumzi na maana vinakwenda pamoja. Angalia ukubwa wa herufi, nafasi kati ya maneno na kati ya mistari, na kama maandishi yamewekwa juu ya rangi inayoyameza. Mambo haya ni ya msanifu wa kitabu, ambaye jina lake huchapishwa kwa herufi ndogo kuliko zote au halichapishwi kabisa, nami naamini jopo linalompuuza halijakisoma kitabu.

Lugha nazo hutofautiana, na vigezo vya lugha moja havihamishiki kwenda nyingine bila kurekebishwa. Katika Kiingereza ugumu mkubwa wa anayeanza ni tahajia isiyofuata matamshi, ndiyo maana orodha fupi ya maneno ina umuhimu mkubwa huko. Katika Kiswahili, ambacho herufi zake hulingana na sauti kwa kiasi kikubwa, mtoto aliyezijua silabi anaweza kutamka karibu neno lolote. Kinachomlemea ni urefu. Neno "hawajatuandalia" lina silabi nane na limebeba ndani yake watendaji, ukanushi, wakati, watendewa na tendo lenyewe. Kitabu cha Kiswahili kinaweza kuwa na maneno machache sana kwa hesabu na bado kikamshinda mtoto, na kingine kikawa na maneno mengi mafupi yanayorudiwa na kusomeka kwa raha. Jopo la vitabu vya Kiswahili lihesabu silabi za kila neno na viambishi vinavyobadilika, wala lisiridhike na idadi ya maneno pekee.

Mpe mtoto kitabu, kisha unyamaze

Baada ya kusoma wewe mwenyewe, mpe kitabu mtoto aliye katika hatua hiyo ya kusoma, kwa ridhaa ya mzazi au mlezi wake, na ukae kando. Usimsaidie upesi. Andika anapokwama, anaporudi nyuma kusahihisha mwenyewe, anapotazama mchoro kabla ya kutamka neno, anapocheka, na anapojaribu kuruka ukurasa. Kuna tofauti kubwa kati ya kukwama kunakomalizika kwa ushindi na kukwama kunakomfanya afunge kitabu, na tofauti hiyo huonekana usoni kabla ya kusikika mdomoni.

Jaribu na watoto zaidi ya mmoja, wenye viwango tofauti, na usiulize "Umekipenda?" kwa kuwa watoto hutaka kumfurahisha mtu mzima. Sema tu, "Nisimulie," kisha usikilize. Tahadhari nyingine ni kwamba maoni ya mtoto mmoja hayawezi kuwa hukumu. Kanuni za tuzo nyingi hutaka uamuzi uwe wa jopo na utokane na kitabu chenyewe. Tumia ulichokiona kama taa ya kukuonyesha ukurasa upi uurudie, kisha ujenge hoja yako juu ya ukurasa huo.

Andika pendekezo linaloonyesha

Mapendekezo mengi hufa kwa sababu yamejaa sifa. "Kitabu hiki kinavutia sana na watoto watakifurahia" ni sentensi inayoweza kubandikwa juu ya kitabu chochote, na mwamuzi aliyesoma mapendekezo hamsini hataikumbuka. Iweke kando ya hii: "Katika ukurasa wa 7 swali limewekwa mwisho wa ukurasa wa kulia, jibu lake, kwenye ukurasa wa 8 na wa 9, linaongeza maneno mapya mawili tu, na sababu ya jibu imeachwa katika mchoro ili mtoto aigundue." Sentensi ya pili inamlazimu mwamuzi akifungue kitabu, na kumfanya akifungue ndiyo shabaha yako yote.

Pendekezo lisizidi ukurasa mmoja. Taja kigezo cha tuzo kwa maneno ya kanuni yenyewe, kisha uonyeshe ukurasa mmoja au miwili inayokitimiza. Usisimulie hadithi yote. Ikiwa kitabu ni cha mfululizo, eleza katika sentensi moja kwamba kinasomeka peke yake na useme kinafanya nini ambacho vitangulizi vyake havikufanya. Ikiwa kina udhaifu unaoonekana, kwa mfano rangi zilizofifia kwenye kurasa mbili, utaje mwenyewe na uuweke kwenye uzito wake. Mwamuzi akiugundua baada ya wewe kuuficha, atatilia shaka na yale uliyoyasema kwa ukweli. Kisha hakikisha nakala zinafika. Mchapishaji mdogo huenda hajui kwamba kitabu chake kinastahili kushindanishwa, basi mwandikie barua, mwambie tarehe ya mwisho, idadi ya nakala zinazotakiwa na ada kama ipo. Barua hiyo fupi imekosekana mara nyingi kuliko tunavyofikiri.

Namna ya kuendesha mjadala

Kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, kinachojulikana kwa kifupi kama CCBC, kina mwongozo wa majadiliano ulioandikwa mwaka 1989 na Ginny Moore Kruse na Kathleen T. Horning, nao umetumiwa na majopo mengi. Kiini chake ni kwamba wajumbe waanze na yale ambayo kitabu kimefanikiwa, ndipo wahamie kwenye mashaka; waeleze wanayoyaona ndani ya kitabu badala ya kutangaza kama wamekipenda au hawakukipenda; wasipoteze muda kusimulia kisa; na wakilinganishe na vitabu vilivyo mezani, si na kile walichotamani kiandikwe. Kwa vitabu vya wasomaji wanaoanza utaratibu huo una faida ya pekee, kwa sababu shaka ya kwanza inayotajwa ni ileile siku zote, kwamba kitabu ni chepesi mno, na shaka hiyo ikitangulia, hakuna anayeyaona mafanikio.

Ningeongeza kanuni moja: kila kitabu kisomwe kwa sauti, angalau kurasa nne, mbele ya wajumbe wote kabla ya kujadiliwa. Chumba kikisikia jinsi neno linavyorudi na jinsi kituo kinavyosubiri ukurasa ufunguliwe, mjadala hubadilika. Mtu akisema "ni chepesi," muulize kwa upole ni sentensi gani angeiandika vizuri zaidi kwa kutumia maneno yaliyokwisha kutumika katika kitabu hicho. Muulize kwa nia ya kutaka kujua kweli, maana akijaribu ataonja kazi aliyoifanya mwandishi.

Katika kupiga kura, chagueni utaratibu kabla ya kujua vitabu vilivyofika mwisho. Mfano unaojulikana ni wa Newbery, ambapo kila mjumbe wa kamati ya watu 15 hutoa pointi 4 kwa chaguo la kwanza, 3 kwa la pili na 2 kwa la tatu. Mshindi lazima awe na angalau kura 8 za chaguo la kwanza na azidi kitabu kinachomfuata kwa pointi 8. Masharti hayo mawili kwa pamoja huzuia kitabu ambacho hakuna anayekichukia wala kukipenda sana kushinda kwa kujikusanyia kura za pili na za tatu. Jopo dogo linaweza kutumia kanuni hiyo kwa kupunguza namba, mradi zaidi ya nusu ya wajumbe wamekiweka kitabu kinachoshinda kwenye nafasi ya kwanza. Kura ziwe za siri, na mjumbe mwenye undugu, ajira au maslahi ya fedha kwa mwandishi, mchoraji au mchapishaji ajitoe kabla ya mjadala wa kitabu hicho kuanza.

Ikiwa hakuna tuzo, ianzishe

Pengine katika lugha yako au eneo lako hakuna tuzo inayovitambua vitabu hivi. Njia ya kwanza ni kuiomba tuzo iliyopo iongeze kipengele, na ombi hilo huenda vizuri zaidi likiambatana na orodha ya vitabu kumi vya miaka ya karibuni ambavyo vingestahili, kila kimoja kikiwa na maelezo ya mistari mitatu. Waandaaji huogopa kipengele kitakachokosa washindani. Orodha yako inaiondoa hofu hiyo.

Njia ya pili ni tuzo ya majaribio: watu wachache, vitabu vya mwaka mmoja, vigezo vilivyoandikwa, kikao kimoja cha wazi na tangazo. Hakuna fedha inayohitajika zaidi ya nakala za vitabu, ambazo zinaweza kuazimwa. Majopo ya majaribio yamefanyika katika shule na maktaba kwa tuzo kubwa nyingi, na yana thamani hata pale ambapo matokeo yake hayalingani na ya jopo rasmi, kwa sababu yanawafundisha watu wengi kusoma kwa namna niliyoieleza hapo juu. Ukiwa na uwezo wa kuanzisha tuzo ya kudumu, amua mapema mambo matatu: kiwango cha msomaji kwa maelezo ya anachoweza kusoma badala ya umri pekee, haki ya jopo kutotoa tuzo katika mwaka usio na kitabu kinachostahili, na kwamba mwandishi na mchoraji watatambuliwa kwa pamoja. Usiigawe tuzo katika vipengele vidogovidogo ili kila mtu apate kitu. Vitabu hivi vimekwisha kudunishwa vya kutosha, na nishani zikiwa nyingi mno watu watasema ni za kuwafariji.

Tangazo nalo liandikwe kwa uzito. Chapisha sababu za uamuzi katika aya mbili au tatu zinazotaja kurasa, ili mchapishaji anayepanga vitabu vya mwaka ujao ajue ni nini hasa kilichoheshimiwa, na mwandishi mchanga ajue ni ufundi gani ajifunze. Peleka taarifa hiyo maktabani, shuleni na kwa wauzaji wa vitabu kabla ya siku ya tangazo, kwa makubaliano kwamba haitatolewa mapema, ili nakala zipatikane pale mzazi wa kwanza atakapoziulizia. Muulize mchapishaji kama kitabu bado kinachapishwa na kama yuko tayari kutoa toleo jipya. Vitabu vyembamba huisha sokoni haraka na huachwa bila kurudiwa. Kisha ufungue ukurasa mpya katika daftari lako, uandike mwaka unaofuata juu yake, na uanze kuwauliza wakutubi tena ni kitabu gani kimechakaa.